Tovuti ya kwanza ya biashara ndogo Kigoma: ulinganisho wa njia za kuijenga na mahali pa kuihifadhi

Mfanyabiashara wa Kigoma anayetaka tovuti ya kwanza huulizwa na mafundi wengi kuhusu rangi, nembo na picha. Maswali yatakayoamua kama tovuti hiyo itakuwa hai baada ya miaka mitatu ni mengine: jina lake limesajiliwa kwa nani, faili zake zinakaa wapi, ada ya kila mwaka inalipwa kwa njia gani, na nani anaweza kubadilisha bei ya bidhaa siku ambayo fundi hapatikani. Ulinganisho huu umejengwa juu ya maswali hayo manne. Ili usielee hewani, nimewafikiria wafanyabiashara wa aina tatu ambao mtu yeyote wa mji huu atawatambua: muuzaji wa jumla wa dagaa wakavu katika mwalo wa Kibirizi, mwenye nyumba ya wageni ya vyumba vichache Mwanga anayepokea wasafiri wa hifadhi za Gombe na Mahale, na kikundi cha akina mama wa Ujiji wanaotengeneza sabuni ya mawese. Mahitaji yao hayafanani, na hakuna sababu ya kuwapa jibu moja.

Kwanza, nani atakayeisoma

Mnunuzi wa dagaa yuko Dar es Salaam, Tunduma, Lubumbashi au Bujumbura. Anafungua tovuti kwa simu, mara nyingi akiwa na bando dogo, na anataka kujua bei ya gunia, ukavu wa dagaa, mzigo unasafirishwa kwa treni au kwa lori, na namba ya kupiga. Hahitaji historia ndefu ya kampuni. Mgeni wa Gombe yuko Ulaya au Marekani, anapanga safari miezi kadhaa kabla, anasoma Kiingereza, na analinganisha nyumba tatu au nne kabla ya kuandika barua pepe. Yeye anataka picha halisi za chumba na bafu, ramani, na maelezo ya kufika hifadhini, kwa kuwa Gombe haifikiki kwa barabara na safari ya boti lazima ipangwe mapema. Wenye sabuni wanawatafuta wenye maduka wanaonunua katoni nzima, na hao wanataka kuona uzito wa mche, vifungashio, na kama bidhaa imethibitishwa na TBS, shirika la viwango.

Lugha inafuata hapo hapo. Kiswahili kinamfikia mnunuzi wa Lubumbashi bila shida, lakini anayelenga maduka ya Bujumbura atanufaika kwa kuongeza ukurasa mmoja tu wa Kifaransa ulioandikwa na mtu anayekijua vizuri. Nyumba ya wageni isiyo na Kiingereza kwenye tovuti yake imewafungia mlango wageni wale wale inaowatafuta.

Kwa wote watatu kurasa tano zinatosha mwanzoni: ukurasa wa mbele, bidhaa au huduma, maelezo ya biashara, namna ya kuagiza, na mawasiliano. Sishauri kuanza na duka kamili la mtandaoni lenye kikapu cha manunuzi na malipo ya kadi. Mteja wetu wa ndani ameshazoea kuuliza kwa WhatsApp na kulipa kwa lipa namba, na kiungo kimoja cha wa.me kikifuatiwa na namba ya simu inayoanza na 255, bila sifuri wala alama ya kujumlisha, humfikisha kwenye mazungumzo kwa kubofya mara moja. Mfumo wa duka unaongeza gharama, unaongeza mahali pa kuharibika, na mara nyingi mauzo yenyewe huendelea kupitia simu.

Ukurasa wa mitandao ya kijamii bila tovuti

Hii ndiyo njia ambayo wengi tayari wanayo, na ina nguvu zake. Ni bure, wateja wapo, na programu ya WhatsApp Business, iliyotoka mwaka 2018, ina katalogi ya bidhaa inayomtosha muuzaji mwenye bidhaa chache. Kwa mtu ambaye wateja wake wote wanamjua kwa jina, sioni sababu ya kumharakisha.

Udhaifu wake ni kwamba mwenye biashara hana mamlaka juu ya mahali anapouzia. Tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika duniani kote kwa takribani saa sita, na biashara iliyotegemea hizo tu haikuwa na pengine pa kupatikana. Funzo kubwa zaidi lilikuja Machi 2024, Google ilipozima tovuti ndogo za bure ambazo wafanyabiashara walikuwa wamezitengeneza kupitia wasifu wa biashara. Baada ya miezi michache ya kuwaelekeza wageni kwenye wasifu wenyewe, anwani hizo zilikufa kabisa. Aliyekuwa ameichapa anwani hiyo kwenye kadi na mabango alibaki na kadi zisizompeleka mteja popote.

Wasifu wenyewe wa Google, ule unaoionyesha biashara kwenye ramani, haukufutwa, na bado ni bure. Nyumba ya wageni inapaswa kuwa nao hata kabla ya kuwa na tovuti, kwa sababu mgeni anayetafuta malazi mjini Kigoma huanza kwenye ramani.

Vijenzi vya tovuti vya kulipia kwa mwezi

Hapa nazungumzia huduma kama Wix na Squarespace, ambapo mtu hupanga kurasa zake kwa kuburuta vipande kwenye kioo, na kampuni yenyewe hushughulikia hifadhi, usalama na masasisho. Kwa mtu asiye na fundi huu ni unafuu mkubwa, na kazi inayotoka huwa safi.

Mambo matatu yanapaswa kupimwa dhidi ya unafuu huo. Toleo la bure la Wix hubandika matangazo ya kampuni hiyo na haliruhusu kutumia jina lako mwenyewe la kikoa, yaani anwani ya tovuti kama zile zinazoishia na .com au .co.tz, kwa hiyo kwa biashara toleo hilo ni la kujaribia tu. Malipo hufanyika kwa kadi na kwa kawaida kwa fedha za kigeni, hivyo gharama hupanda shilingi inaposhuka, na kadi ikikosa salio siku ya kukatwa tovuti inaweza kusimama. Jambo la tatu ndilo zito zaidi: tovuti iliyojengwa ndani ya Wix haiwezi kuchukuliwa ilivyo na kuhamishiwa kwa mhifadhi mwingine, yaani kampuni nyingine inayotunza tovuti. Siku ukiamua kuondoka unanakili maneno na picha kwa mkono na kujenga upya. Mwenye nyumba ya wageni ambaye ana kadi ya benki, anaandika Kiingereza mwenyewe na anapenda kubadilisha picha kila msimu anaweza kukubali masharti hayo akijua anachokubali. Kwa wale wengine wawili siishauri.

Hifadhi ya pamoja, na swali la ndani au nje ya nchi

Hifadhi ya pamoja ina maana kwamba kampuni moja ina seva yenye nguvu, yaani kompyuta inayotunza tovuti na kuzituma kwa wasomaji, na tovuti nyingi za wateja mbalimbali zinakaa humo, kila moja na sehemu yake. Ndiyo njia ya kawaida ya biashara ndogo, na mara nyingi hutumika pamoja na WordPress, programu huria iliyotoka mwaka 2003 ambayo leo inaendesha zaidi ya tovuti nne katika kila kumi duniani. Faida yake kubwa ni kwamba inahamishika: faili na kanzidata (ghala la maandishi na taarifa za tovuti) hunakiliwa na kupelekwa kwa mhifadhi mwingine, na fundi yeyote anayeijua anaweza kupokea kazi iliyoachwa na mwenzake. Gharama yake ni uangalizi. WordPress, pamoja na programu-jalizi zake (programu ndogo za kuiongezea uwezo), inahitaji kusasishwa mara kwa mara, na tovuti iliyotelekezwa mwaka mzima bila masasisho huwa windo rahisi la wadukuzi wanaopachika humo viungo vya kamari na dawa bandia.

Sasa, seva iwe Dar es Salaam au Ujerumani? Wauzaji wa pande zote mbili hulijibu swali hili haraka kwa manufaa yao, nami naona linastahili kupimwa polepole.

Kwa upande wa umbali, data inayotoka Kigoma kwenda kwenye seva ya Ulaya hupita kwanza Dar es Salaam kisha hupita chini ya bahari, na safari ya kwenda na kurudi huchukua sehemu ndogo ya sekunde. Ukurasa unaoita faili nyingi hurudia safari hiyo mara nyingi, na hapo ucheleweshaji huonekana. Ukurasa mwepesi hauoni tofauti kubwa. Kwa mgeni aliyeko Uholanzi mambo hugeuka, kwa sababu seva ya Ulaya iko karibu naye kuliko ya Dar es Salaam. Kwa hiyo jibu linategemea msomaji alipo, na ndiyo sababu nimeanza na wasomaji.

Kwa upande wa uhakika, tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya baharini ya EASSy na Seacom ilipata hitilafu, na Tanzania pamoja na majirani zake ikakaa na intaneti dhaifu kwa siku kadhaa. Katika hali ya namna hiyo tovuti iliyohifadhiwa nchini ina nafasi nzuri zaidi ya kufunguka kwa mtu aliye nchini, kwa kuwa watoa huduma wa Tanzania hubadilishana data wao kwa wao kupitia kituo cha TIX kilichopo Dar es Salaam tangu mwaka 2004, bila kutoka nje ya nchi. Kwa muuzaji wa dagaa ambaye wanunuzi wake wengi wako nchini, hoja hii ina uzito.

Kuna tahadhari hapa. Kampuni kuwa na ofisi Dar es Salaam na kulipwa kwa shilingi hakuthibitishi kwamba seva yake iko Tanzania. Wapo wanaokodi nafasi ughaibuni na kuiuza hapa. Si kosa kufanya hivyo, ila mteja aulize waziwazi, na aombe jibu kwa maandishi.

Malipo na msaada ndivyo vinavyonifanya niegemee upande wa ndani kwa biashara nyingi za Kigoma. Kampuni ya nchini hupokea M-Pesa, Airtel Money au malipo ya benki, hutoa risiti ambayo mhasibu anaielewa, na mtu anaweza kueleza tatizo kwa Kiswahili kwenye simu. Kampuni kubwa za nje mara nyingi zina mifumo imara zaidi na bei ya mwaka wa kwanza iliyo chini sana, lakini bei hiyo ya kukaribisha huisha, na ada ya kuhuisha mwaka wa pili inaweza kuwa maradufu au zaidi. Unapolinganisha kampuni mbili, za ndani au za nje, linganisha ada ya mwaka wa pili, na uhakikishe unajua kama VAT imo ndani ya bei.

Maneno mawili ya matangazo yanahitaji kusomwa kwa makini. «Bila kikomo» haina maana ya bila kikomo. Ndani ya masharti kuna mipaka ya idadi ya faili na ya nguvu za seva, na anayeivuka hupunguziwa kasi au husimamishwa. Ahadi ya kuwa hewani kwa asilimia 99.9 inaruhusu kama dakika 43 za kuzimika kwa mwezi, kiasi ambacho biashara hizi zinaweza kukivumilia, kwa hiyo sioni haja ya kulipa zaidi kwa ajili ya tarakimu ya tisa nyingine.

Pia kuna sheria. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na inawahusu wanaokusanya taarifa za watu, pamoja na wajibu wa kujisajili kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi na masharti ya kupeleka taarifa nje ya nchi. Tovuti yenye namba ya simu na kiungo cha WhatsApp pekee haikusanyi mengi. Fomu ya nyumba ya wageni inayoomba jina, namba ya pasipoti na tarehe za safari ni jambo jingine kabisa. Ushauri wangu ni kutoomba pasipoti mtandaoni. Itaonekana mgeni akifika mapokezi.

Kurasa tuli na seva pepe

Kurasa tuli ni faili zilizoandikwa tayari, zisizo na kanzidata. Hufunguka haraka, karibu hazidukuliki, na huweza kukaa kwenye hifadhi ya bei ya chini kabisa. Kama katika familia yupo kijana anayejua HTML, lugha ya kuandikia kurasa za tovuti, na atakayekuwepo, ni njia bora kwa tovuti ya sabuni ambayo hubadilika mara mbili kwa mwaka. Kuhusu hifadhi za bure, soma masharti kwanza: GitHub Pages, kwa mfano, hairuhusu kutumiwa kama hifadhi ya bure ya kuendeshea biashara ya mtandaoni.

Seva pepe ya kujitegemea, yaani sehemu ya seva unayoikodi na kuisimamia mwenyewe, haimfai yeyote kati ya hawa watatu. Inadai mtu wa kuilinda kila wiki.

Jina: .co.tz au .com, na kwa nani

Majina yanayoishia na .tz yako chini ya usimamizi wa TCRA, mamlaka ya mawasiliano, na huuzwa kupitia wasajili walioidhinishwa. Kwa biashara mwisho wa kawaida ni .co.tz, na zipo tanzu nyingine, ikiwemo .hotel.tz kwa wenye malazi. Jina la .com lina faida ya kukumbukwa na wageni wa nje, na bei yake kwa kawaida ni kati ya dola 10 na 20 kwa mwaka. Kwa mnunuzi wa Tunduma, .co.tz inasema wazi kwamba biashara iko Tanzania, na hulipwa kwa shilingi. Nyumba ya wageni inaweza kuwa na yote mawili, moja likielekeza kwenye jingine. Hakikisha jina linafanana na lile lililosajiliwa BRELA, wakala wa usajili wa biashara, liwe fupi, na litamkike kwa simu bila kurudiwa. Jina lenye vistari huandikwa vibaya na wateja.

Jina na hifadhi ni vitu viwili tofauti, hata vinapouzwa pamoja. Jina la .co.tz linaweza kuelekezwa kwenye seva iliyoko Ufaransa, na kesho likaelekezwa Dar es Salaam, bila mteja kubadilishiwa anwani. Ndiyo maana mwenye jina anaweza kukosea kuchagua mhifadhi na bado asipoteze kitu kikubwa. Asiye na jina hana njia hiyo.

Hapa ndipo ninapoomba msomaji asimame. Desturi ya fundi kumsajilia mteja jina kwa akaunti yake mwenyewe, kwa barua pepe yake mwenyewe, imeenea, na mara nyingi fundi hana nia mbaya. Anarahisisha kazi tu. Lakini ni sawa na hati ya kiwanja kuandikwa jina la mjenzi. Fundi akihama mkoa, akibadilisha simu, au mkigombana juu ya malipo, jina liko kwake. Jina la .com lisipohuishwa hatimaye huingia katika kipindi cha ukombozi cha siku 30 ambacho kulirudisha hugharimu zaidi ya ada ya kawaida, kisha huachiwa, na mtu yeyote anaweza kulichukua. Notisi zote za kuisha muda hutumwa kwenye barua pepe iliyosajiliwa, na kama barua pepe hiyo ni ya fundi, mwenye biashara atajua siku ambayo wateja watampigia kumwambia tovuti haifunguki.

Kwa hiyo, kabla ya kulipa awamu ya mwisho, mwenye biashara awe mkononi na akaunti ya msajili iliyo kwa jina lake au la biashara, na kwa barua pepe anayoifungua mwenyewe. Nywila ya akaunti ya hifadhi. Nywila ya usimamizi wa tovuti. Na nakala rudufu kamili ya tovuti kwenye diski au simu yake, mbali na seva. Kikundi cha Ujiji kitumie barua pepe ya kikundi na kuandika katika muhtasari wa kikao ni viongozi gani wawili wanaojua nywila, ili uongozi ukibadilika tovuti isiondoke na mtu.

Uzito wa picha, unaozidi mambo mengi yaliyotangulia

Mtu anaweza kuchagua mhifadhi bora kabisa na bado tovuti ikawa nzito kwa sababu ya picha. Picha moja ya simu janja ina megabaiti tatu hadi tano. Picha kumi za megabaiti nne zinafanya ukurasa wa megabaiti 40, na kuufungua mara 25 kunamaliza gigabaiti moja ya bando. Picha hizo hizo zikipunguzwa hadi upana wa pikseli 1,200 na kuhifadhiwa katika WebP, muundo wa picha nyepesi za tovuti, zinaweza kushuka hadi kilobaiti 150 kila moja, na ukurasa mzima ukawa megabaiti moja na nusu. Hakuna seva ya Dar es Salaam wala ya Frankfurt itakayoleta tofauti ya kiasi hicho.

Cheti cha usalama, kinachofanya anwani ianze na https, nacho kiwe sharti. Tangu Julai 2018 kivinjari cha Chrome huandika «Si salama» kwenye tovuti isiyo na HTTPS, na mteja mpya akiliona neno hilo huondoka. Let's Encrypt hutoa vyeti bila malipo, na wahifadhi wengi huviweka wenyewe, kwa hiyo anayekutoza ada kubwa ya cheti kwa tovuti ya kurasa tano aeleze sababu.

Nani achague nini

Muuzaji wa dagaa wa Kibirizi ninamshauri jina la .co.tz, hifadhi ya pamoja ya kampuni ya nchini ambayo seva yake iko nchini kweli, WordPress yenye programu-jalizi chache, na ukurasa wa bei ambao yeye au kijana wake dukani ataubadilisha kwa simu. Bei ya dagaa hufuata mwezi na upepo wa ziwa, na bei ya zamani mtandaoni huleta ugomvi, hivyo aandike tarehe kando ya kila bei au aweke tu maneno ya kumwelekeza mteja WhatsApp.

Akina mama wa Ujiji waanze na jina lao na kurasa tuli kama wana mtu wa kuziandika. Kama hawana, watumie WhatsApp Business na katalogi yake, huku wakisajili jina mapema kabla halijachukuliwa na mwingine, hata kama litaelekezwa kwa muda kwenye ukurasa wao wa Facebook.

Mwenye nyumba ya wageni ndiye ambaye hoja za hifadhi ya nje zinamfaa zaidi, kwa kuwa wasomaji wake wako ughaibuni na kadi huenda tayari anayo kwa sababu ya tovuti za kuwekea nafasi. Achukue hifadhi ya pamoja ya Ulaya yenye WordPress badala ya kijenzi, ili abaki na uwezo wa kuhama, na atumie barua pepe yenye jina lake la kikoa katika kuwajibu wageni. Ukurasa wa «Namna ya kufika» aupe nafasi kuliko ukurasa wa historia: ndege, treni ya Reli ya Kati, boti ya kwenda Gombe, na safari ndefu zaidi ya kwenda Mahale upande wa kusini, kila kimoja kikiwa na namba ya mtu atakayempokea mgeni akifika usiku.